Miiba ya Baba Fabien

Nianze kwa kutega, maana mimi bila kutega sijui kuanza. Hata kama unasoma peke yako, itikia kwa sauti; nyumba itakusikia.

Niko na mlinzi mlangoni. Halali, hali bugali, haombi chumvi, na mtoto akimkumbatia, mtoto analia.

Wengi hapa wanasema mbwa. Basi hamkumjua mbwa wangu. Yule alikula bugali na sombe, majani ya muhogo, juu yake. Wengine wanasema mama mkwe. Hao nawaacha, maana wangu amekwisha kufa na sitaki kumsumbua. Mlinzi wangu ni kaktusi. Sisemi ile ndogo wanayoiweka dirishani ndani ya kopo. Nasema ile ndefu, inayosimama wima kama nguzo ya kanisa, ngozi ya kijani yenye mifereji toka chini hadi juu, na miiba imepangwa mstari kama vifungo vya shati. Kwetu Baraka, Kongo, upande wa ziwa Tanganyika, zilisimama sita mlangoni, zote ndefu kupita nyumba. Mimi nilizijua zikiwa moja tu, fupi kama mkono wangu. Tulizeeka pamoja, tofauti ni kwamba mgongo wangu ulipinda, yao haikupinda.

Aliyeileta ni mume wangu, Anatole. Watu wote walimwita Baba Fabien, kwa jina la kifungua mimba wetu, na mimi pia nilimwita hivyo. Enzi hizo vijana wa Baraka walikuwa wakikwenda Lulimba kuchimba dhahabu, naye akaenda, akaniacha na mama yake, na Fabien mgongoni. Alikaa huko mpaka muhogo aliouacha mchanga tukaung'oa, tukautwanga, tukaula. Ndipo siku moja tukamwona anakuja anasukuma baiskeli, na nyuma amefunga kitu kirefu ndani ya gunia, amekilaza polepole kama mgonjwa anayepelekwa hospitali.

Mama mkwe alipiga vigelegele mpaka majirani wakaacha vyungu motoni.

"Anatole yangu! Dhahabu ya kujaa gunia!"

"Mama, usishike. Inachoma."

Alikuwa amekwisha kushika. Vigelegele vikageuka kuwa kitu kingine.

"Mi nilikutuma miiba? Huku Baraka miiba haiko?"

"Ya namna hii haiko, Mama."

"Na dhahabu?"

"Dhahabu nilipata kidogo, nikaila mu njia. Hii haikuliwa."

Majirani walicheka mpaka wakakumbuka vyungu vyao. Mimi sikucheka, kwa sababu wakati anasema vile alikuwa ananitazama mimi, si mama yake. Baadaye, tukiwa wawili, alinieleza kwamba kule Lulimba kulikuwa na mfanyabiashara mwenye kaktusi mlangoni pa duka lake, na asubuhi moja aliikuta imetoa ua. "Nikasema, hili ua Flora lazima alione." Aliniita Flora, yeye peke yake duniani, jina langu la ubatizo ni Florentine. Akamwomba yule mtu kipande. Wenzangu waliletewa vitenge na waume zao toka migodini. Mimi nililetewa miiba, tena nikatembea kifua mbele.

Ua lenyewe lilichelewa. Kaktusi iliota, ikarefuka, ikakatwa vipande vingine vikawa sita, Fabien akaanza shule, Solange akazaliwa, na ua halijaja. Nilikwisha kulisahau. Asubuhi moja, kabla jogoo hajamaliza kuwika, nikasikia mtu ananivuta kidole gumba cha mguu.

"Flora. Limekuja."

Tulitoka tumejifunika blanketi moja. Lilikuwa jeupe, pana kama sahani, na harufu yake sijui niifananishe na nini. Tangu siku ile harufu nyingine ndizo ninazifananisha nayo. Tulisimama tu. Jua lilipochomoza ng'ambo ya ziwa, ua likaanza kujikunja kama mtu mwenye haya, na watoto walipoamka halikuwa ua tena, lilikuwa kitambaa kilicholowa. Anatole akawatega wakinywa uji: "Bibi harusi wangu anaolewa gizani, kukicha anazikwa." Fabien akasema mshumaa. Solange akasema panya. Siku nzima baba yao alikataa kuwapa jibu, anacheka peke yake.

Halafu ikaja miaka ya kukimbia. Sitaisimulia. Waliokimbia wanaijua, na wasiokimbia Mungu awaache hivyo hivyo. Tulivuka ziwa, tukakaa kambini Tanzania, na tuliporudi Baraka mtaa wetu ulikuwa majani matupu, marefu kupita kichwa cha mtu. Watu walizunguka wakitafuta nyumba zao kama mtu anayetafuta sindano aliyoiangusha. Anatole hakuzunguka. Alinyoosha kidole. Juu ya majani zilikuwa zimesimama zote sita, hazina habari. Toka kaktusi tukapata mlango, toka mlango tukapata jiko, na pale jikoni nikapata mafiga yangu, bado meusi. Mama mkwe, aliyekuwa amezitukana tangu siku ya gunia, alikwenda akaipiga moja kofi la upole, pale pasipo na mwiba, akasema, "We, asante."

Anatole alikufa miaka michache baadaye, kitandani mwake, kwa homa. Kwa watu wa rika letu hiyo ni bahati, nami nashukuru. Kaburi lake liko makaburini pamoja na ya wengine. Lakini mimi nilipotaka kuongea naye nilichukua kigoda, nikakaa mlangoni kwenye kivuli chembamba cha zile kaktusi, na kivuli kikisogea, nasogea nacho.

Sasa mtaelewa jinsi nilivyokuwa ziwa lilipoanza kupanda.

Nyinyi wa Baraka mnajua. Wa mbali niwaambie. Miaka hii Tanganyika imepanda. Kwanza ilikula mchanga wa wavuvi, tukasema itarudi. Ikala njia. Ikala choo cha jirani, tukacheka vibaya. Halafu ikaingia kwetu bila kubisha hodi, na haikutoka.

Solange, ndiye binti ninayekaa naye, alikuwa amepata parsele, kiwanja cha kujenga, juu kwenye mteremko, njia ya kwenda Fizi. Pale ni mawe. Ukipiga jembe linalia kama sufuria iliyoanguka. Robine, bomba la maji, iko chini kabisa, na bido, lile dumu la kuchotea, likipanda kilima kichwani mwa mtu, kila kikombe kinajulikana kazi yake: maji yaliyoosha mboga za lengalenga yanaosha sahani, yaliyoosha sahani yanaosha miguu.

Siku ya kuhama tulisimama uani, maji yametufika kwenye miundi. Kaktusi zilikuwa zimesimama ndani ya maji siku nyingi, na chini zilikwisha kuwa za njano. Moja ilianguka usiku uliotangulia, nilisikia.

"Mama," Solange akasema, "tubebe milango, manjanja ya paa na vitanda. Ile miiba ibaki na samaki."

"Samaki hawana mlango wa kulinda."

"Mi sichezi, Mama. Kule juu maji ya kunawa yenyewe haiko. Utaimwagilia na nini? Na mate?"

"Baba yako aliibeba toka Lulimba kwa baiskeli."

"Baba iko kwa kaburi. Haiko ndani ya miiba."

Aliposema hivyo akajishika mdomo. Mimi niligeuka nikatazama ziwa, maana nikimtazama ningesema neno la mzazi, na neno la mzazi likitoka halirudi. Mawimbi madogo yalikuwa yanapita kati ya miguu yetu kama yako kwao.

"Basi leta," akasema mwisho, kwa sauti ndogo. "Lakini mbele ya nyumba njo fasi moja tu yenye udongo. Mi nakuachia pale mbele mpaka mvua ya kwanza ya nguvu. Kama imekufa, napanda muhogo. Batoto bangu habakulake miiba."

Nikakubali. Ulikuwa mwanzo wa kiangazi.

Kazi ya kuhamisha ilifanywa na bamama wa kwaya. Kwetu mtu akihama, wenzake wanafanya salongo: wanakuja wote kwa siku moja, wanafanya kazi wakiimba, wanakula, wanakwenda. Mkubwa wao ni Mama Joselyne, mwanamke mwenye sauti inayofika kabla yake. Alikata kaktusi moja baada ya nyingine, juu ya pale palipooza, wakazilaza juu ya magunia, wakazibeba kama wanabeba chifu. Mimi nilibaki chini na Solange kumalizia manjanja.

"Mama Fabien, usijali," Mama Joselyne akanipigia kelele toka njiani. "Ukifika juu utakuta byote tayari!"

Ni kweli, nilikuta vyote tayari.

Ndugu zangu, watu wa Fizi mikono yetu inajua muhogo. Tunazaliwa ndani ya muhogo. Mpe mwanamke wa hapa kijiti chochote, hata kwa macho ya kufumba, atakikata urefu wa mkono kutoka kiwiko, atakilaza upande ndani ya tuta, atafukia, ataacha kidogo kinachungulia. Ile ncha ya juu, ya kijani na laini, ataitupa, kwa sababu ncha ya muhogo haina nguvu ya kuota. Na ndivyo walivyofanya. Mbele ya nyumba mpya niliona matuta yamechongwa vizuri kama mkeka, na ndani yake vipande vya kaktusi vya Baba Fabien vimelala vyote upande mmoja. Vingine vilikuwa vimepinduliwa, juu chini. Ncha zenyewe, zile za kibuluu zenye miiba michanga, walizitupa nyuma ya nyumba kwenye lundo la mawe. Na juu ya yote, kila mama alikuwa amebeba maji toka robine, na kila kipande kimenyweshwa mpaka tope linang'aa.

"Ona!" Mama Joselyne akafungua mikono. "Ulikuwa na miti ya kuhesabu. Sasa uko na shamba!"

Nililia kwa furaha. Nawaambia ukweli, sikuona kosa lolote. Kaktusi zilipandwa na mume wangu; mimi mwenyewe ni mtu wa muhogo.

Pale juu ndipo nilipompata Kanyange. Ni jirani yetu, mwanamke aliyetoka Burundi, alikimbia na watoto wake, sasa analima mashamba ya watu na kapande kake kadogo. Tulipatana siku ile ile ya salongo, kwa sababu naye ni mgonjwa wa vitendawili. Mimi nasema "Kitendawili!" Yeye, kwa Kirundi chao, anasema "Sokwe!" nami nimejifunza kuitikia "Niruze!" Watoto wa pale wanafikiri tunagombana.

Tulizimwagilia pamoja. Nilinyima miguu yangu maji nikayapeleka kwa kaktusi. Kanyange alileta nusu bido yake. Bamama wa kwaya, wakipita toka sokoni, hakuna aliyepita mikono mitupu. Kila mmoja alileta kikombe, sufuria, chupa. "Kunywa, Baba Fabien!" wanasema wakimwaga, na mimi moyo wangu unajaa. Solange alitazama yale maji yanaingia ardhini, akapita zake. Alikuwa mtu wa neno lake.

Halafu ikaja harufu.

Kwanza nilifikiri ni panya amekufa ukutani. Siku iliyofuata nikavuta kipande kimoja, na kilitoka bila ubishi, chini yake kimekuwa kahawia na kinateleza kama ndizi iliyosahauliwa. Nikavuta cha pili. Nikavuta cha tatu. Kanyange akaja na bido lake, akanikuta nimekaa katikati ya matuta na mikono imejaa uozo.

"Mama Fabien, hivi ni maji ilikosa?"

"Mwenzangu, maji ilikunywa kupita sisi."

"Basi tuongeze."

Tuliongeza. Mungu atusamehe, tuliongeza. Kiangazi kilipokaribia mwisho, mbele ya nyumba hakukubaki hata kipande kimoja kigumu. Usiku nilikuwa nalala na uso ukutani ili Solange asinione. Nyumba ya ziwani haipo, na sasa hata kile alichokileta Anatole kwa baiskeli kimenishinda, mimi niliyeonyeshwa ua.

Solange alileta miti ya muhogo, akaiegemeza ukutani kwenye kivuli, imefungwa vizuri. Hakunisema. Ingekuwa afadhali angenisema.

Kitu kilichofuata kilikuja kwa sababu ya choo. Solange alitaka mawe ya msingi wa choo, akatuomba mimi na Kanyange tutoe kwenye lile lundo la nyuma. Kanyange aliinama akavuta jiwe, kisha akaruka.

"Yoo! Nyoka!"

"Nyoka gani?"

"Ameniuma! Ona damu!"

Nikachungulia. Haikuwa nyoka. Katikati ya mawe, kwenye jua kali, zilikuwa zimelala zile ncha zilizotupwa. Hakuna aliyezinywesha hata tone. Ngozi yao ilikuwa imekunjamana kama ya mikono yangu, na pale zilipokatwa pamekauka, pamekuwa pagumu kama kisigino cha mtu asiyevaa viatu. Nikainua moja kwa gunia. Chini yake, toka pale pagumu, zilikuwa zimetoka nywele nyeupe, nyembamba kama ndevu za mahindi, zinatafuta njia kati ya mawe. Mizizi. Na ncha yenyewe, ijapokuwa ililazwa, ilikuwa imeinua kichwa kidogo kuelekea jua.

Kanyange ndiye alianza, ananyonya kidole chake.

"Sokwe!"

"Niruze!"

"Niko na mugeni. Nikimupa maji anakufa, nikimunyima ananenepa."

"Moto!" nikasema mara moja.

"Moto uko na miiba, we mama?"

Nilicheka mpaka nikakaa chini kwenye mawe. Na pale chini ndipo nikakumbuka. Aliporudi toka Lulimba, Anatole hakupanda. Aliegemeza kile kipande kwenye ukuta wa jiko, akakiacha. Kikakaa pale siku nyingi sana, mpaka mama mkwe akakifanya kamba ya kuanikia kitambaa chake cha kichwa. Kila asubuhi anamwuliza, "Anatole, huu muti wako unangoja ndoa?" Naye anajibu, "Nangoja kidonda kikauke, Mama. We unaweza kukwenda mu tope na kidonda?" Nilimsikia kila siku, nikipepeta unga palepale. Niliona ni maneno ya mume na mama yake, nikayaacha yapite.

Zilikuwa ncha tano nzima. Tulifanya kazi siku mbili. Tulibomoa yale matuta, tukatoa udongo uliooza tukaumwaga mbali. Tukajaza mchanga mnene na kokoto, tukapandisha juu kama mgongo wa kobe ili mvua ikija isikae. Kila ncha tuliisimamisha wima, mizizi tu ndani, tukaishikiza kwa mawe pande zote na kuifunga kwa kamba ya mgomba kwenye kijiti. Kisha kazi ngumu kuliko zote ikaanza, nayo ni kutofanya kitu. Bido likiwa limejaa mlangoni, na zile tano zimenywea mbele yako kama watoto wenye njaa, mikono inawasha. Kanyange alikuwa ananikalisha kigodani kwa nguvu.

"Kaa. Ukisimama utamwaga."

"Kidogo tu, mwenzangu. Ya kulamba."

"Kaa!"

Na wakati tunabishana hivyo, ikafika sauti ya Mama Joselyne, na nyuma ya sauti Mama Joselyne mwenyewe, bido kichwani, jasho hadi kwenye kiuno. Sasa mnielewe. Kwetu, mtu akikupandishia maji mlimani, hukatai. Kukataa maji ni kumwambia mtu hutaki mguu wake nyumbani kwako. Akashusha, akatazama zile tano.

"Masikini! Ona bile ziko na kiu!" Akaanza kufungua kifuniko.

"Mama Joselyne," nikasema haraka, "hii maji yako nzuri, tuipikie chai."

"Chai? Mi nilileta ya Baba Fabien."

"Baba Fabien alipenda chai."

Alinitazama. Akatazama chini. "Na shamba letu iko wapi? Matuta?"

Kanyange akakuta kitu cha kutazama mbinguni. Mimi nilitafuta uongo mzuri, sikuupata.

"Ilioza, mama yangu. Yote."

Mama Joselyne alirudisha kifuniko mahali pake. Alikaa juu ya bido lake. Aliuliza ilikuwaje, nikamweleza: kidonda, maji, ncha. Mdomo wake ukaanza kutetemeka, nikaogopa analia. Kumbe ni kicheko, kinatoka chini kabisa.

"Tuliipanda kama muhogo! Halafu tukaipika kama sombe! Bamama wote bale, na mapanga, na mwimbo!" Akajipiga mapaja. "Na mi njo nilikuwa nasema, tupa kichwa, kichwa haizaake!"

Tulikunywa ile chai yote. Na toka siku ile yeye ndiye alikuwa mlinzi. Mama yeyote wa kwaya aliyeonekana njiani na kikombe, alisikia toka mbali: "We! Maji hapa ni sumu! Peleka kwa shamba yako ya nyanya!"

Mvua ya kwanza ilikuwa ya kutudanganya, ilinukisha vumbi ikaenda. Solange akasema hiyo si ya kuhesabu, na mimi nikamshukuru moyoni. Zikapita siku, mawingu yakawa yanakuja toka milimani mchana na kurudi. Halafu ikanyesha ile yenyewe, mchana kutwa, manjanja yanapiga kelele hata hatusikii tukisema. Nilitazama mlangoni. Maji yaliufikia ule mgongo wa kobe, yakagawanyika, yakapita pembeni.

Asubuhi ardhi ilikuwa laini. Solange akafungua miti yake ya muhogo, akachukua jembe, akatoka. Mimi nilikuwa kigodani. Nilikuwa nimeahidi, na mtu aliyeahidi hana mdomo. Kanyange alikuwa amesimama kwake, anajifanya anaanika nguo, nguo zenyewe zimekauka.

Solange aliweka jembe chini. Akakunja gunia mkononi, akaishika ile ya kwanza, akaivuta, jinsi tunavyovuta mti wa muhogo kujua kama umeshika. Haikwenda. Akavuta tena, kwa nguvu zaidi, gunia likateleza.

"Ayi!"

Akaangalia kidole. Kisha akasogeza uso karibu, karibu sana, mpaka nikayaogopea macho yake. Pale juu kabisa, katikati, kulikuwa kumetoka kipande kipya kidogo kama ukucha, cha kijani kingine, na miiba yake bado laini kama nywele za mtoto.

"Mama. Imeshika."

Nikasimama toka kigodani.

Akaenda ya pili, akavuta taratibu. Ya tatu. Ya nne ilicheza kidogo, akaishindilia jiwe kwa kisigino. Ya tano akaigusa tu. Halafu akasimama katikati yao mgongo kwangu, muda mrefu, jembe liko chini.

"Mpaka ipite nyumba, ni miaka ngapi?"

"Mingi. Mi sitaona."

"Utaona."

"Usidanganye mzazi asubuhi."

Akacheka puani, cheko la baba yake kabisa. Akabeba ile miti ya muhogo begani, akaokota jembe.

"Napanda nyuma ya choo," akasema. "Iko mawe, lakini muhogo inavumilia. We, Mama, uko na pini? Mwiba imebaki ndani."

Nikaenda kuitafuta ndani ya nguo zangu za kanisa. Akakaa chini, akaniwekea mkono juu ya magoti. Ni mwanamke mzima, ana watoto wake, na mkono wake ni mgumu kama wangu. Nilipogusa mwiba kwa pini alifunga macho na kupiga kelele kabla haijauma, vilevile kama alivyokuwa akifanya zamani, na Kanyange akatupa nguo akaja mbio kuuliza ni nani amekufa.